Namna ya kuandika historia ya klabu iliyoishi msimu mmoja

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Mwaka 1986 Banyambala wetu, timu ya soka ya Tukuyu Stars, walipanda daraja na papo hapo wakabeba ubingwa wa Tanzania. Hawajaubeba tena. Kwa hiyo tarehe 12 Novemba 2017, nikiwa jukwaani Kezar, San Francisco, nikiwatazama San Francisco Deltas, klabu ya soka ya mji huo, wakinyanyua kombe la ligi katika msimu wao wa kwanza, nilikuwa na hofu ambayo waliokaa karibu nami hawakuwa nayo. Siku chache baadaye klabu ikafungwa.

Tangu hapo nakusanya habari zake, asubuhi nikitoka zamu ya usiku. Wapo wanaotaka kuiandikia klabu iliyokufa mtaani kwao, nao huniuliza waanzie wapi.

Anza na kichwa chako. Chukua daftari uandike yote unayokumbuka kabla hujasoma popote, kisha mstari kwa mstari ukague. Mimi niliapa mbele ya shemeji yangu kwamba penalti ya mchezaji wetu Tom Heinemann iliyotufungulia fainali ilipigwa kipindi cha pili. Kumbe ni kipindi cha kwanza, mapema kabisa! Matokeo tu ndiyo niliyapata sawa: Deltas 2, New York Cosmos 0. Kumbukumbu ya shabiki ni shahidi mzuri wa kelele na baridi. Ukiiuliza dakika, itakudanganya bila haya.

Baada ya hapo iache klabu kwanza, uifuate ligi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wataandika "ilikosa watazamaji ikafa" halafu wanafunga daftari. Watazamaji kweli walikuwa wachache siku nyingi, nami niliwahi kunyoosha miguu juu ya viti vitatu. Lakini isome NASL, ligi ya soka ya Amerika Kaskazini waliyocheza Deltas, ya mwaka ule. Hiyo si ile ya zamani iliyokufa miaka ya 1980, ni ile iliyofufuliwa mwaka 2011. Mwaka 2017 ilikuwa na timu 8 tu, zikicheza duru mbili, ya machipuko na ya vuli. Kanuni za shirikisho la soka la Marekani zilitaka ligi ya daraja la pili iliyokomaa iwe na timu 12. Miaka ya nyuma ligi ilipewa msamaha wa masharti hayo. Septemba 2017 shirikisho likakataa kuipa kibali cha daraja la pili kwa msimu uliofuata. Ligi ikaenda mahakamani, na mwanzoni mwa Novemba jaji akakataa kulizuia shirikisho kwa amri ya muda. Sasa ziweke tarehe hizo pembeni ya ratiba ya mechi. Utaona kwamba fainali ilichezwa hukumu ikiwa bado mbichi, na wachezaji wale walikimbilia kombe la ligi ambayo msimu wake uliofuata haukuwa na uhakika. Msimu wa 2018 haukuchezwa. Tarehe mbili zikikaa karibu hivyo, msomaji anaunganisha mwenyewe. Usimwandikie neno "msiba".

Wakati unachora ratiba hiyo, chora na msimamo wa ligi. Miami FC ya kocha Alessandro Nesta ndiyo iliyoongoza duru zote mbili, kisha Cosmos wakaitoa kwenye nusu fainali. Ukiiacha Miami, unaandika hadithi ya bingwa asiye na mpinzani, na hiyo si kweli.

Kisha fuata watu. Klabu iliishi msimu mmoja, lakini kocha hakuzaliwa mwaka ule. Kocha wa Deltas, Marc Dos Santos, Mkanada, aliifikisha Ottawa Fury ya Kanada fainali ya NASL mwaka 2015 akafungwa 3-2, na waliomfunga ni Cosmos haohao, siku Raúl, nyota wao wa Kihispania, alipocheza mechi yake ya mwisho. Mwaka 2016 akaenda Swope Park Rangers, akafika fainali ya USL, ligi nyingine ya Marekani, akapigwa 5-1. Mwaka wa tatu, klabu ya tatu, fainali ya tatu, na golini akiwa naye Romuald Peiser, kipa yuleyule wa Ottawa. Nilipoligundua hilo nilisimama jikoni na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Fainali niliyoiona ilikuwa imeanza mwaka 2015, kabla ya Deltas kuingia uwanjani! Baadaye Dos Santos akaenda LAFC ya Los Angeles kuwa kocha msaidizi, kisha mwaka 2019 akaifundisha Vancouver Whitecaps. Kwa hiyo kila jina kwenye kikosi lipe mistari miwili: ametoka wapi, amekwenda wapi.

Uwanja nao uuandikie, ila usizidishe. Kezar ya zamani ilifunguliwa mwaka 1925 na ilikuwa nyumbani kwa 49ers, timu ya mpira wa Kimarekani, hadi 1970. Ilibomolewa, ikajengwa ndogo ya watu kama 10,000. Unashuka treni ya N Judah, unatembea kidogo, na ukungu unakutangulia. Inatosha.

Kuhusu vitu: tiketi, skafu, ratiba ya karatasi. Vipige picha pande zote mbili, andika tarehe na aliyekupa. Kurasa za klabu kwenye intaneti hufa mapema kuliko karatasi, kwa hiyo hifadhi nakala leo, si wikendi ijayo. Ukikuta takwimu moja ina namba mbili tofauti, ziandike zote na useme kila moja imetoka wapi. Usichague ile inayokupendeza.

Mwisho, zungumza na wazee wangali wazima, na usiwakatize wanapohama mada, maana humo ndimo majina ya wapishi na madereva wa timu yalimo. Mjomba wangu Tukuyu ana picha ya kikosi cha 1986. Nyuma majina yameandikwa kwa penseli, na manne hayasomeki tena. Mwezi wa saba nakwenda likizo, na betri ya akiba ya simu nimeshanunua.