Mbwa Asiyefungwa Akikukuta Unakimbia: Somo kwa Wakimbiaji

Nimekimbia barabarani miaka mingi na nimeng'atwa mara moja tu, kwenye shavu la mguu. Kosa lilikuwa langu: niliposikia makucha nyuma yangu, nikaongeza mwendo. Usain Bolt mwenyewe, siku alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009, kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 44 kwa saa. Greyhound, mbwa wa mashindano ya mbio, huvuka 60. Mimi na wewe hatumo kabisa katika hesabu hiyo, kwa hiyo wazo la kumkimbia mbwa tulitoe kichwani kabla hatujafunga kamba za viatu.

Hatua ya 1: Mwone kabla hajakuona. Acha sikio moja bila kisikilizio. Ukimwona mbele, anza kutembea mapema, ungali mbali, kisha vuka upande wa pili au pitia nyuma ya gari lililoegeshwa. Kinachomwamsha mara nyingi ni zile mbio zako. Silika ya kufukuza iko ndani yake, na kitu kinachomkimbia huwa kama kinamwita.

Hatua ya 2: Msome mwili. Mkia unaotikisika si lazima uwe wa urafiki. Ukiwa umesimama wima na unatikiswa harakaharaka, mwili umekakamaa, manyoya ya mgongo yamesimama na macho yamekukazia, huyo hajaja kucheza. Mwenye nia njema mwili wake hulegea na hujipindapinda. Anayebweka huku akirudi nyuma ana hofu. Mwachie njia ya kutokea. Na ule msemo kwamba mbwa abwekaye haumi, usiende nao barabarani. Ingawa, kusema kweli, mimi huwaogopa zaidi wanaokuja kimya.

Hatua ya 3: Simama, mpe ubavu. Usimkabili kifua kwa kifua wala usimtazame machoni, lakini usimpe mgongo pia. Mikono iwe karibu na mwili. Toa sauti moja nzito na fupi: "Rudi!" au "Nyumbani!" Kupiga mayowe humpandisha mori.

Hatua ya 4: Toka kwenye eneo lake. Wengi wanalinda lango, watoto au chakula tu. Rudi kinyumenyume polepole, ukiwa bado umempa ubavu. Ukishavuka mpaka anaoujua yeye, mara nyingi husimama na kubaki akibweka. Usianze kukimbia tena mpaka atakapogeuka.

Hatua ya 5: Akikusogelea, weka kitu katikati. Chupa ya maji, kofia, koti lililozungushwa mkononi. Akiuma, aume hicho, na umwachie. Akishika nguo au mguu, usivute kwa nguvu, maana kuvuta ndiko kunakochana nyama.

Hatua ya 6: Ukiangushwa, jikunje, magoti tumboni, vidole vifungamane nyuma ya shingo, mikono ifunike masikio. Tulia hapo.

Hatua ya 7: Umeng'atwa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa la hapa ni la uhai. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta, majani wala pilipili. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa; kikiwahiwa kwa chanjo kabla ya dalili, huzuilika. Chanjo huchomwa kwa awamu, siku ya kwanza kisha siku zinazofuata kwa ratiba utakayopewa, na huruhusiwi kuruka hata moja kwa sababu unajisikia mzima. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Maswali ya wakimbiaji

*Meno yalinikwaruza tu, damu haikutoka. Bado niende?*

Nenda, dada. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu nao huhitaji kuoshwa na kuchanjwa. Angekulamba tu kwenye ngozi isiyo na jeraha, kuosha kungetosha.

*Mwenye mbwa anaapa kwamba amechanjwa. Nimwamini?*

Mwombe cheti cha chanjo, si kiapo. Mbwa huyo afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini wewe usizisubiri siku hizo ndipo uende kwa daktari. Daktari ndiye ataamua kama uendelee na sindano au usimamishe.

*Sisi tumezoea kuinama kama tunaokota jiwe, naye anakimbia. Mbona hukutaja?*

Umenishika hapo. Hufanya kazi kwa mbwa aliyewahi kupigwa mawe, na akiwa bado mbali. Akiwa hatua mbili kutoka kwako, kuinama ni kumletea uso wako karibu na meno yake. Kwa umbali huo, baki wima.

*Wakiwa wanne je?*

Tafuta ukuta au gari uegemeze mgongo wasikuzunguke, kisha jisogeze kando yake kwa ubavu. Mara nyingi mmoja ndiye huanza na wengine hufuata, basi sauti yako ielekeze kwa huyo. Kundi likiwa ni la kila siku, badilisha njia. Sioni ushujaa wowote katika kurudi palepale kila alfajiri.

*Jirani anamfungulia mbwa wake saa ileile ninayokimbia. Nimeshamgombeza mara mbili.*

Pale barabarani, moyo ukienda mbio na mbwa kati yenu, hamtaelewana. Mfuate mchana, kwa salamu, umwambie saa unayopita na umwombe amfunge kwa hiyo nusu saa tu. Akikataa, andika tarehe na saa za kila tukio, upige picha ukiwa mbali, upeleke kwa uongozi wa mtaa. Malalamiko yenye tarehe tano hayasukumwi pembeni kirahisi kama ya mdomo.