Kufunga tyubu ya leza ya kaboni dioksaidi ya wati 100 kwenda juu: anza na maji

Watu wengi wakishika tyubu kubwa ya kioo, ile ya wati 100 au 130 au 150, akili yote inaenda kwenye umeme na kupanga vioo, maji wanayaacha mwisho, hozi mbili zinachomekwa basi. Mi nasema geuza. Maji yakae sawa kwanza, umeme ufuate.

Angalia joto linatoka wapi. Tyubu ya wati 100 inakula kama miliampia 28 kwenye volti elfu 20 na kitu, zidisha hapo unapata kama wati 600, na mwanga unaotoka ni 100 tu, so wati 500 zinabaki ndani kama joto. Na hilo joto linaua nguvu ya leza yenyewe, maana gesi ikichemka molekuli za kaboni dioksaidi zinajazana kwenye ile ngazi ya chini ya nishati ambayo zilitakiwa zishukie, sasa kama kumejaa zitashukia wapi, mwanga unafifia. Ndo maana humo ndani kuna naitrojeni ya kuipa kaboni dioksaidi nishati na kuna heliamu ya kulitoa joto mpaka kwenye ukuta wa kioo, na nyuma ya huo ukuta ndo yanapita maji yako.

Ndoo na pampu kwa tyubu ya hivi haifai kabisa. Piga hesabu mwenyewe, ndoo ya lita 20 ukikata mfululizo kwa nguvu zote, maji yanapanda digrii 10 ndani ya nusu saa hivi. Tafuta chila, yaani mashine ya kupoza maji, na hapa watu wanapigwa sana, maana CW-3000 inaitwa chila lakini ndani ni rejeta na feni tu, haina kompresa, haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Unataka yenye kompresa, CW-5000 au CW-5200 kutegemea tyubu. Maji yakizunguka lita 3 kwa dakika, yanayotoka yatazidi yanayoingia kwa digrii mbili na nusu hivi, hapo uko vizuri.

Sasa tyubu yenyewe. Ilaze kwenye vishikio viwili, kila kimoja robo ya urefu kutoka mwisho wake, weka mpira laini katikati, kaza kwa vidole mpaka isicheze, usiibane. Kabla hujakaza izungushe mpaka mdomo wa kutolea maji uangalie juu, maji yaingie chini yatokee juu. Upande upi uanze, ule wa volti kubwa au ule wa kutolea mwanga, fuata maelekezo ya aliyetengeneza. Washa chila peke yake, umeme wa leza usiuguse, chukua tochi umulike tyubu nzima taratibu. Unatafuta mapovu. Povu likikaa karibu na elektrodi, ile sehemu umeme unapoingilia kwenye gesi, kioo pale hakiguswi na maji, kinachemka sehemu moja na pembeni yake baridi, na kioo cha hivyo kinapasuka. Ukiliona inamisha mashine, zungusha tyubu kidogo, subiri mpaka liondoke lote, usiseme litatoka lenyewe kazi ikianza.

Maji yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke, wengi tunayaita maji ya betri, ila soma chupa vizuri isije ikawa asidi. Ya bomba yana madini, yanaacha utando kwenye kioo na yanapitisha umeme, na volti kubwa ikipata njia kwenye maji inapita huko huko.

Joto la kuseti? Utasikia 18, utasikia 20, lakini angalia na hewa ya chumba. Chumba kikiwa na digrii 30 na unyevu asilimia 60, hewa inaanza kutoa jasho kwenye kitu chochote kilicho chini ya digrii 21 na kitu, unyevu ukifika 80 inakuwa digrii 26. Ukiseti chila 18 hapo, tyubu inalowa kwa nje, na matone karibu na pini ya volti kubwa ni kuita cheche. So nunua kipima unyevu, seti maji juu kidogo ya hiyo digrii ambayo hewa inaanza kutoa jasho, na kama digrii yenyewe imepita 25 kausha hewa ya chumba kwanza.

Swichi ya mtiririko, ile inayokata leza maji yakisimama, iweke kwenye hozi ya kurudi, maana hozi ikipasuka kabla ya hapo swichi inajua. Ipime kwa maltimita kabla ya kuunganisha volti kubwa: maji yanazunguka inafunga saketi, yakisimama inaifungua. Isipofungua simamisha kila kitu, usiirukie kwa waya hata kidogo.

Umeme sasa, na huu unaua kweli. Ati ya mashine iwe ya uhakika. Pini za tyubu usizilehemu, joto linaweza kupasua kioo pale zinapoingilia, zungushia waya ulio msafi, vika mpira wa silikoni, jaza gundi ya silikoni na uiache ikauke kabisa. Mita ya miliampia ikae upande ambao umeme unarudi, sio upande wa volti kubwa. Ukitaka kugusa chochote huko, zima, chomoa plagi, subiri, kisha toa chaji kwa fimbo ya plastiki yenye waya uliofungwa kwenye ati. Kazi ya kawaida usiisukume mpaka kikomo cha ampia, ukibaki asilimia 80 tyubu inaishi zaidi.

Mwanga wake ni maikromita 10.6, macho hayauoni lakini unayaunguza. Miwani iwe imeandikwa 10.6, ya leza nyingine haikusaidii, na mfuniko ufungwe muda wote inapochoma.

Ukihama au ukiacha mashine sehemu inayoganda, toa maji yote kwenye tyubu, puliza taratibu kwa mdomo na sio kwa kompresa ya hewa, maana barafu ikijaa humo ndani inapasua kioo.