Jinsi ya kufunga mlango wa mbao usije ukabana

Mlango wa mninga siku hizi ni hela ndefu, halafu unakuta mtu kaununua mzuri kabisa anamwambia fundi aufunge chapchap kabla hata tailizi hazijalazwa, mwisho wa siku unashushwa ukatwe chini. Kwahiyo plasta ikauke, sakafu iishe, ndo mlango uje saiti. Ukifika usiuegemeze ukutani utapinda, ulaze juu ya vipande vya mbao ndani ya chumba wiki moja au mbili uzoee hewa ya hapo, hasa kama uko Dar au Tanga na mbao imetoka bara.

Kabla hujagusa randa pima fremu, upana wa juu, kati na chini, maana nyingi zinaingia tumbo, yaani zinabonyea katikati, zikijengewa. Weka na pimamaji kwenye mguu wa bawaba, yaani mti wa fremu unaobeba bawaba, kama hauko wima mlango utakua unajifungua au kujifunga wenyewe.

Acha mwanya wa mm 3 juu na pembeni, chini kama mm 8 toka kwenye tailizi. Upande wa kitasa uchonge mshazari kidogo, ule uso unaotangulia kuingia kwenye fremu upungue mm 2 hivi, la sivyo utakwaruza kila ukifunga.

Bawaba weka tatu za inchi 4, mbili ni ubahili tu. Ya juu inchi 6 toka juu, ya chini inchi 9 toka chini, nyingine katikati. Chora alama kwa kisu, penseli inadanganya, alafu patasi iende kina sawa na unene wa jani la bawaba (bati lake la upande mmoja) basi. Ukizamisha sana mlango unabana upande wa bawaba kabla haujafika kwenye fremu na ukiulazimisha skrubu zinang'oka, dawa yake ni kipande cha boksi chini ya jani. Mninga ni mgumu, toboa kwanza na drili, skrubu ipake sabuni ya mche ndo uizungushe. Fundi anayegongelea skrubu na nyundo mlipe nauli arudi kwao.

Kitasa kikae kama mita 1 toka chini. Mlango wa paneli usichimbe pale ubao wa kati ulipoungana na wa pembeni, unakata ulimi, ile ncha ya ubao wa kati iliyochomekwa kwenye wa pembeni, na mlango unalegea.

Ukishaona unafunga vizuri ushushe tena upige msasa, sila (ya kuziba vitundu vya mbao) na vanishi pande zote sita. Wengi wanaruka ukingo wa chini kwa vile hauonekani, na maji ya deki ndo yanapoingilia hapo kila siku.

Ukianza kubana kipindi cha masika usikimbilie randa. Paka chaki kwenye ukingo, funga, uone inapofutika, weka alama, subiri mvua ziishe, kama kiangazi bado unagusa hapohapo ndo urande kidogo na vanishi urudishie siku hiyohiyo.