Ingia bandani mchana, funga mlango, uhesabu matundu: jinsi ya kuwalinda kuku wa nyumbani

Mwaka juzi nilitoka alfajiri kufungulia kuku nikakuta mitetea tisa wamelala chini wamekufa. Hawajaliwa, wameng'atwa shingo tu, na jogoo yuko juu ya fito katulia kama hakuna kilichotokea. Niliumia sana, maana wale kuku niliwalea toka vifaranga, watatu walikuwa karibu waanze kutaga. Afu kuku usiku haoni vizuri, kwa hiyo mnyama akishaingia hawakimbii, wanasubiri zamu yao palepale.

Nilitafuta alikopita nikakosa. Mlango umefungwa, wavu mzima, mpaka mzee mmoja jirani akaniambia mwanangu, ingia humo saa sita mchana, jifungie, ukae dakika kama tano macho yazoee giza. Nikafanya hivo. Jamani, mwanga ulikuwa unaingia kila mahali! Chini ya mlango, pale bati linapokutana na ukuta, kwenye kona ambayo fundi aliunga mbao mbili akaacha upenyo. Kwa hiyo anza na hilo kabla hujanunua hata msumari, chukua chaki, kila unapoona mwanga weka alama. Tundu lolote linalopitisha kidole gumba liwekee alama, maana nyoka mdogo na panya hawahitaji zaidi ya hapo, na panya anakula mayai, vifaranga pia anabeba.

Sasa wavu. Ile waya nyembamba ya kuku yenye matundu ya pembe sita kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke, haizuii mnyama kuingia, ikishika kutu kidogo mbwa anaichana kwa meno. Kama hela ipo nunua wavu wa kuchomelewa, ule wa miraba, wa nusu inchi. Kama haipo, weka huo mgumu kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno halafu juu endelea na ule wa kawaida, ila ujue kanu, yule mnyama wa usiku mwenye madoa anayefanana na paka, anapanda vizuri sana kwa hiyo ukipata tu hela malizia na juu. Na usipigilie kwa misumari ya kupinda pinda, bana wavu kwa ubao juu yake ndo upige msumari, la sivyo unasukumwa kwa pua tu unaachia.

Chini ndo wengi tunasahau. Sakafu ya zege ni nzuri kuliko yote. Kama ni udongo, chimba mfereji futi moja kuzunguka banda, ushushe wavu humo afu uukunje kuelekea nje, ufukie na mawe. Mnyama anachimba pale pale ukutani, akikuta wavu hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali.

Mlango weka komeo la kusokota au kufuli, sio kamba. Na ufunge kabla giza halijaingia, saa kumi na mbili na nusu wawe wote ndani umeshawahesabu, maana kuku mmoja akilala nje kwenye mwembe huyo hesabu amekwenda.

Mchana adui wanabadilika. Watu wanaita kila kitu kicheche, lakini ukiona kuku kachukuliwa saa nne asubuhi fikiria nguchiro, na mayai yakipotea mazima mazima mtafute kenge au nyoka. Mwewe anabeba kifaranga hujui hata saa ngapi. Huku pwani tuna na kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, wanakuja kwa kundi, mmoja anamchokoza mama, mwingine anabeba mtoto. Kwa vifaranga wa chini ya wiki sita mimi sijaona kitu kinachoshinda tenga, au uzio mdogo uliofunikwa juu kwa nyavu kuukuu za wavuvi. Wakubwa waachie vichaka vya kujificha, usifyeke uwanja wote.

Siafu nao wasikupite. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia, wanammaliza kwenye kiota akiwa anaatamia. Banda la miguu weka kila mguu kwenye kopo lenye oili chafu, ufunike kuku wasinywe. La chini mwagia majivu mengi kuzunguka, na mvua ikinyesha mwaga tena.

Sumu usiweke, nakuomba. Atakufa mbwa wa jirani, atakufa na bundi ambaye usiku ndo anakusaidia kula panya.

Mimi kuziba matundu yote ilinichukua Jumamosi mbili. Yalikuwa kumi na saba, na la kona alilopitia yule mnyama lilikuwa dogo kuliko yai la kuku.