Konokono mpya wa kina kirefu: namna ya kumwandaa tangu sitahani hadi apate jina

Familia ya Buccinidae, wale konokono walanyama wa bahari za baridi kuanzia Atlantiki ya kaskazini hadi Bahari ya Okhotsk, imelimbikiziwa majina mengi kuliko spishi zenyewe. Chanzo ni ganda. Buccinum undatum, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, huweza kuwa na ganda nene au jembamba, refu au fupi, kutegemea alikokulia. Basi ganda tupu lililonaswa na wavu halithibitishi kitu. Anayehitajika ni mnyama mwenyewe, naye haichukui muda kuharibika.

Kabla wavu haujafika juu, weka tayari ndoo ya maji ya bahari yaliyopozwa hadi nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Mtie humo mara moja. Akitulia na kutoa kichwa, mpige picha: rangi ya mguu, pembe, macho kama yapo. Rangi hizo hufifia ndani ya ethanoli, na hakuna atakayezipata tena. Ukikuta anemoni amekaa juu ya ganda, usimbandue, wahifadhi pamoja.

Kata kipande cha mguu kinacholingana na punje ya mchele, ukitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 96. Hiki ndicho cha DNA. Ethanoli iwe angalau mara tano ya ujazo wa nyama, na uibadilishe baada ya saa 24, kwa kuwa maji yanayotoka mwilini huizimua. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya kichupa: kituo, latitudo, longitudo, kina, tarehe. Wino wa kalamu huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka.

Kosa linaloharibu vielelezo kuliko yote ni kumtumbukiza konokono mzima ndani ya ethanoli akiwa hai. Hujikunja, kifuniko chake huziba mlango, ethanoli haipenyi, na nyama ya ndani huoza huku chupa ikionekana safi kwa nje. Kwanza mlegeze. Yeyusha gramu 75 za fuwele za magnesiamu kloridi katika lita 1 ya maji baridi yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, umwache humo penye baridi mpaka asishtuke akiguswa.

Njia ya pili, iliyozoeleka katika safari za makumbusho ya Paris, ni mikrowevu: sekunde 10 hadi 30 kulingana na ukubwa, kisha mvute nje kwa ndoano huku ukizungusha kufuata mzunguko wa ganda. Ukizidisha, nyama huiva na kukatika, na sehemu ya juu hubaki nchani. Formalini iweke mbali kabisa na vielelezo vya DNA. Ile ambayo asidi yake haijatulizwa hula hata ganda.

Mabaki usiyapike. Tezi za mate za Neptunea, jenasi mojawapo ya familia hii, zina tetramini, sumu ambayo moto hauiondoi.

Ganda lenyewe lina mitego miwili. Ncha yake mara nyingi imeliwa na maji ya kina, kwa hiyo protokonki, yaani ganda la utotoni, haionekani. Chekecha tope la wavu kwa chekeche la milimita 1 utafute wadogo. Protokonki kubwa yenye mizunguko michache huashiria mtoto aliyetoka kwenye kifuko cha mayai akiwa tayari anatambaa. Mtego wa pili ni ngozi ya nje ya ganda: ikikauka hupasuka na kumenyeka. Piga picha na upime kwanza, kwa kalipa, hadi milimita 0.1: urefu kutoka ncha hadi mwisho wa mfereji wa sifoni, upana, na urefu wa mlango.

Maabarani, toa radula, yaani utepe wa meno, kutoka kwenye mkonga. Loweka fundo la mdomo katika potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 usiku kucha, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, itandaze meno yakitazama juu, ndipo uipeleke kwenye hadubini ya elektroni. Kila safu ina meno matatu: moja la kati na moja kila upande. Hesabu ncha za kila jino katika konokono kadhaa waliokomaa, maana hata mnyama mmoja anaweza kutofautiana kulia na kushoto. Dume achorwe uume wake. Kipande cha COI, jini ya mitokondria, herufi 658 hivi, kilinganishwe na jini ya kiini cha seli kama 28S. COI peke yake isikupe ujasiri. Kisha kaa na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, za spishi jirani zote. Hapa ndipo "wapya" wengi wanapokufa, na ni heri wafe.

Akibaki, teua holotaipu moja na utaje makumbusho inakohifadhiwa. Tangu mwaka 2000 jina lisilo na hayo halikubaliki. Ukichapisha kwa njia ya elektroniki pekee, sajili kabla katika ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, na namba ya usajili ionekane ndani ya makala. Kivumishi kifuate jinsia ya jenasi: Buccinum undatum, Neptunea antiqua, Colus islandicus. Ukimpa jina la mwanamume, kiishio ni -i. La mwanamke, -ae.