Akikohoa Damu na TB Haionekani: Tunavyomuuguza Mdogo Wetu Mwenye Goodpasture

Nairobi mtu akikohoa damu, wote waliomzunguka wanasema TB. Siwalaumu. TB ipo tele huku, na kupeleka makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vijidudu vya TB, ndilo jambo la kwanza, tena katika vituo vya serikali. Lakini majibu yakirudi hayana TB na damu bado inatoka, usikubali kurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Omba mkojo upimwe siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu ni fundi wa kupuliza rangi magari kule Grogan, Barabara ya Kirinyaga. Alianza na makohozi yenye michirizi ya damu, kisha akawa anahema akipanda ngazi za ploti yetu Umoja. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya sturungi iliyokolea, na povu juu ambalo halikupasuka. Mwenyewe alidai ni jua na kukosa maji. Muuguzi wa zahanati alichovya kijiti kwenye kikopo, akakifuta ukingoni, akakilaza kando ya ile chati iliyo kwenye mkebe. Kiraka cha damu kilitoka manjano kikawa kijani cha kukolea mbele ya macho yetu, na cha protini nacho kikageuka. Kipimo chenyewe ni cha bei ya chini na zahanati nyingi za mtaani zinacho. Wenye maabara ya hadubini wakiona chembe za damu zilizopindapinda, ujue damu inatoka kwenye figo zenyewe, haitoki kwenye kibofu.

Mapafu na figo kutoa damu kwa wakati mmoja ni dharura. Huenda ni Goodpasture, huenda ni lupasi, ambapo kinga ya mwili nayo hujishambulia, huenda ni ule ugonjwa wa mishipa midogo ya damu unaotafutwa kwa kipimo cha ANCA, aina nyingine ya kingamwili. Nyumbani hamuwezi kubagua, na si kazi yenu. Kazi yenu ni kumfikisha kwa daktari bingwa wa figo upesi.

Goodpasture yenyewe ni hivi: kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazoshambulia kolajeni aina ya nne, iliyo kwenye utando mwembamba wa vichujio vya figo na wa vifuko vya hewa mapafuni. Ndiyo maana viungo viwili vilivyo mbalimbali vinaumwa pamoja. Ni nadra sana, kiasi cha mtu mmoja kati ya milioni moja kwa mwaka. Jina limetokana na Ernest Goodpasture, daktari Mmarekani aliyeandika mwaka 1919 habari za kijana wa miaka 18 aliyefariki wakati wa janga la homa ya mafua. Hauambukizi. Hili liseme wazi kwa majirani mapema, maana kwetu kuna waliokataa kikombe cha chai.

Kwa nini nasisitiza haraka? Madaktari wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwafuatilia wagonjwa 71 na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliotibiwa kreatinini, ile taka ya damuni inayopanda figo zikishindwa, ikiwa chini ya mikromoli 500 kwa lita, asilimia 95 figo zao zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja. Waliofika wakiwa tayari wanahitaji dayalisisi, yaani damu kusafishwa kwa mashine, ni asilimia 8 tu. Na kreatinini ya ugonjwa huu hupanda kwa siku, wala haingojei kliniki ya mwezi ujao.

Kwa hiyo mkifika hospitali, ulizeni kwa adabu lakini msiache: kreatinini ya leo ni ngapi, potasiamu je, damu mwilini imebaki kiasi gani, picha ya kifua inasemaje, sampuli ya kipimo cha anti-GBM, kinachotafuta kingamwili za Goodpasture, imechukuliwa? Ulizeni inapelekwa maabara gani na majibu yatachukua muda gani. Daktari akiona dalili ni nzito, matibabu huanza bila kungoja karatasi hiyo. Mimi ni karani wa shule na daftari ndilo silaha yangu. Nilichora safu tatu, tarehe, kreatinini, mkojo wa siku, na daktari wa zamu mpya akiingia nampa asome kabla hajaniuliza lolote. Huwa wanashukuru, hata wale wakali.

Watataka pia kukata kinyama cha figo kwa sindano. Mgonjwa hulala kifudifudi, hutiwa ganzi, na akimaliza hulazwa chali kwa saa kadhaa bila kuinuka. Mwekee chupa ya kukojolea karibu.

Matibabu ni matatu kwa pamoja: kubadilisha plazima, na dawa mbili za kutuliza kinga ya mwili, saiklofosfamaidi na steroidi. Kubadilisha plazima si dayalisisi, ingawa mashine zinafanana. Hii hutenganisha yale maji ya manjano ya damu yenye kingamwili mbaya, ikayamwaga kwenye mfuko unaoning'inia pembeni, kisha ikarudisha chembe za damu pamoja na alibumini, protini ya damu, au plazima ya wachangiaji. Hufanywa kila siku au siku moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa wiki mbili hivi. Mashine za dayalisisi zimeenea, lakini za kubadilisha plazima haziko kila hospitali. Kabla ya kulipia ambulansi, mwambie daktari apige simu kule mnakopelekwa aulize mambo matatu: mashine ipo, nafasi ipo, plazima ipo? Hospitali moja ilitupokea na amana yetu, kisha ikatueleza kwamba haina mashine. Sitaki yakupate.

Ya pesa sitayarefusha. Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa kabla ya kulazwa, ulizeni mapema ni kipi kinahitaji idhini na kipi mtalipa mfukoni, na mweka hazina wa harambee awe mtu anayetoa risiti. Watu wasio na pesa waombe wachangie damu.

Tena linda mkono mmoja. Kama anaandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto usidungwe wala usiwekwe dripu ovyo, maana ndio utakaoundiwa mshipa wa dayalisisi ikibidi. Nilimwandikia kwa kalamu ya mpira pale kwenye kiwiko: USIDUNGE. Wauguzi walicheka, lakini walitii.

Nyumbani adui wa kwanza ni maambukizi, kwa sababu dawa zimeilaza kinga. Homa yoyote ni safari ya hospitali, usiku au mchana, hasa kama ana mpira wa dayalisisi uliotiwa kwenye mshipa wa shingoni na anatetemeka. Mpira huo usiloe maji. Kwenye matatu avae barakoa na akae dirishani. Madaktari wengi huongeza Septrin, dawa ya kukinga mapafu yasiambukizwe, na wataulizia TB ya zamani, maana iliyolala inaweza kuamka. Chanjo zenye virusi hai hapewi. Prednisoloni, ile steroidi, anywe asubuhi baada ya kula, na asiikatize ghafla hata akivimba mashavu. Saiklofosfamaidi inaweza kuharibu uzazi na kutoa damu kwenye kibofu. Mazungumzo ya watoto yafanyike kabla ya dozi ya kwanza, hata kama yanatia haya. Sisi tulimwachia mjomba akae naye faragha, na yakaisha vizuri.

Kemisti wa mtaani mwambieni mapema: huyu hapewi diklofenaki wala brufeni. Akiumwa kichwa ni paracetamol. Na shangazi atakayeleta mitishamba kutoka nyumbani, pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini, usimpe mgonjwa.

Chakula kinategemea figo zimebaki na nguvu gani, kwa hiyo mwongozo utoke kwa mtaalamu wa lishe. Kwetu, akiwa kwenye dayalisisi, tuliambiwa tupunguze potasiamu, kwa sababu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Ndizi, parachichi, madafu na nyanya nyingi vikaondoka mezani. Viazi namenya, nakata vidogo, nachemsha kwa maji mengi, namwaga maji yote, ndipo nakaanga. Royco imetoka jikoni kwa ajili ya chumvi. Vitunguu saumu, dania na ndimu kidogo vimechukua nafasi yake. Maji ya siku napima asubuhi kwenye chupa moja, na chai akinywa namimina kiasi hicho hicho kutoka chupani na kukimwaga kwenye ndoo ya vyombo. Kiu yake ilipozidi nilimpa kipande cha barafu afyonze. Mzani uwe sakafu ileile, saa ileile, kabla ya staftahi.

Sigara ni mwiko, yake na ya mgeni. Moshi umehusishwa na mapafu kutoa damu katika ugonjwa huu, na mvuke wa petroli na thina vilevile, kwa hiyo kupuliza rangi kumekwisha. Mwajiri wake amemhamishia dukani kuuza vipuri, mlango wa pili, na tulikwenda kwanza kunusa kama thina inafika huko.

Kingamwili zikishapotea, ni nadra ugonjwa kurudi, isipokuwa kwa wale wenye ANCA pia, ambao hufuatiliwa kwa muda mrefu. Wa kwetu hana ANCA. Figo zake hazikurudi, kwa hiyo tunasubiri upandikizaji, na haufanywi mpaka kingamwili zisionekane kwa angalau miezi sita. Muda huo ndio wa kuwapima ndugu: kundi la damu, shinikizo, sukari, mkojo. Kaka yetu wa Kitengela ameshaanza.