Kabla hujaingiza gari Uber, piga hesabu hivi

Hili swali nimeulizwa sana mpaka nimeamua niliandike mara moja niwe natuma tu: nina gari, au kuna mtu anataka kunipa gari niwe nampelekea hesabu, je niingie Uber? Mi sikwambii ingia wala acha, nakuonesha tu jinsi ya kujua mwenyewe, na uzuri ni kwamba kesi na kashfa za hii kampuni ukizisoma kwa jicho la dereva zinakuonesha kabisa hela yako inavujia wapi.

Anza na ile namba ya kwenye tangazo. Ukiambiwa madereva wanaingiza kiasi fulani, uliza ni kabla ya makato au baada, halafu uliza ni dereva yupi huyo. Uber waliwahi kuandika kwenye tovuti yao kwamba dereva wa uberX (ile huduma yao ya bei nafuu) wa kipato cha kati New York anapata zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ikafuatilia ikasema kipato halisi cha kati ni 61,000 na waliofikia ile ya kwenye tangazo hawafiki hata asilimia 10. Januari 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20 yaishe.

Sasa tafuta namba yako mwenyewe. Chukua daftari, weka kwenye gari (simu utasahau, nakwambia), kila asubuhi andika kilomita za kwenye dashibodi kabla hujawasha apu, ukizima usiku andika tena. Hapo ndo watu wengi wanapigwa kwa sababu wanahesabu kilomita za abiria tu. Tuseme abiria kalipa dola 20, kamisheni ya Uber asilimia 25, umebaki na 15, na tripu ilikuwa kilomita 10. Unajisemea dola moja na nusu kwa kilomita, mambo si mabaya. Lakini ulimfuata kilomita 4, na ulipomshusha hakuna mtu maeneo yale ukarudi kilomita 6 tupu. Gari limetembea 20. Kumbe ni senti 75 kwa kilomita, na hapo hujatoa mafuta, oil, tairi, bima, na gari lenyewe linalochakaa huku wewe unafurahia hela ya mkononi. Hiyo senti 75 ndo bei yako, ile 20 ni stori ya abiria.

Ukishapata hiyo namba ipunguze moja ya tano uone kama bado unaishi. Sio uchawi, bei zikishushwa hawakuulizi. Mapema 2017 bosi wao mwenyewe, Travis Kalanick, alinaswa na kamera ya ndani ya gari akibishana na dereva aliyekuwa analalamika kwamba bei zimeshushwa na yeye ndo kafilisika, video ikasambaa dunia nzima, Kalanick akaomba radhi, na Juni ya mwaka huohuo akaachia ukurugenzi mkuu (ila kilichomng'oa ni mlolongo wa mambo, pamoja na yale ya unyanyasaji wa kijinsia ofisini aliyoyaandika Susan Fowler, injinia aliyekuwa kafanya kazi pale).

Makato nayo usiyaamini kwa macho, fungua risiti ya tripu moja moja. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa New York ilisema kati ya 2014 na 2017 Uber walikuwa wanakata kodi na ada kwenye hela ya dereva wakati vilitakiwa vitoke kwa abiria, na 2023 wakakubali kulipa dola milioni 290. Hiyo ni miaka kadhaa dereva anaendesha tu akijua ndo utaratibu. Mi huwa namuuliza abiria kistaarabu, samahani boss kwako imeandika ngapi? Wengi wanakuonesha simu bila shida.

Kuhusu gari la mkopo au la hesabu, hapa nitakuwa mkali kidogo. Uber wenyewe walikuwa na kampuni ya kukodishia madereva magari Marekani, Xchange Leasing, ikawa inakula hasara kwa kila gari na 2017 wakaamua kuifunga. Yani wenye data zote za dunia hesabu ya gari iliwashinda, we unaingia na mkopo wa miaka mitatu kwa kuangalia wiki mbili za bonasi za kumvutia dereva mpya. Bonasi za mwanzo zitoe kabisa kwenye hesabu.

Kibali pia ulizia kabla, usiseme kampuni kubwa hawawezi kunikosesha. Walianza San Francisco kwa jina la UberCab, 2010 mamlaka zikawaandikia wasimamishe huduma, wao wakaondoa neno Cab wakaendelea. Baadaye walitumia programu ya Greyball kuwaonesha wakaguzi wa serikali magari ambayo hayapo kwenye apu, ili wasiwakamate madereva. Ujanja huo unamsaidia mwenye apu, likikamatwa gari funguo anatoa nani?

Na akaunti ikifungwa? Mimi apu moja ilinizima ijumaa usiku, majibu yakaja jumatano, siku tano nimekaa naangalia gari. Uingereza mahakama ya juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ila jimbo la California, Marekani, wapiga kura 2020 wakapitisha sheria inayowaacha wajitegemee baada ya kampuni za apu kumwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni. Kwa hiyo soma mkataba ujue kwenu dereva anahesabiwa mfanyakazi au mtu anayejitegemea, piga skrinshoti za tripu na malipo kila wiki uhifadhi nje ya apu, na uwe na apu ya pili imeshakubaliwa kabla hujaihitaji, kwa sababu kusajiliwa nako kunachukua siku na hesabu ya mwenye gari haisubiri.